Foronya, mfuko au dera: uanze kushona kipi?

Wifi yangu anaishi Chake Chake, mie niko Unguja, na mambo yetu mengi huyamaliza kwa simu baada ya isha. Ramadhani iliyopita alinipigia sauti imempanda. Kitambaa alikipeleka kwa fundi tangu Shaabani, kumi la mwisho limeingia, na fundi anamwambia asubiri mpaka baada ya Sikukuu.

"Wifi, mie nguo kwa mtu sipeleki tena. Cherehani ya marehemu mama ipo chumbani, imefunikwa kanga tu. Naanza na dera. Kwani dera lina nini? Si gunia lenye matundu matatu?"

"Matundu hayo hayo, wifi," nikamwambia. "Hasa la juu."

Tulibishana mpaka salio likakata. Yeye aliona dera ni rahisi kwa sababu ni pana, halibani popote, huhitaji kumpima mtu kiuno wala kifua. Foronya aliiona kazi ya kitoto. Na mfuko, mfuko tu. Ndivyo wengi wanavyochagua kazi ya kwanza, na ndiyo maana kuna cherehani nyingi zilizofunikwa kanga. Mshono wa kunyooka wa mita 10 ni mwepesi kuliko sentimita 60 za kuzunguka shingo. Ukitaka kuchagua, acha kuangalia ukubwa wa nguo. Angalia ni mara ngapi utalazimika kukizungusha kitambaa chini ya sindano, na ukikosea, je, pale patafumulika au ndiyo basi?

Kabla ya vyote, kanga

Hapa kwetu ipo kazi ambayo mtu hata haihesabu kuwa ni kushona. Kanga hununuliwa doti, vipande viwili vimeshikana, ukazikata katikati na kuzipinda. Kila kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110. Pande ndefu zina kingo za kiwandani, hazichopoki nyuzi; za kupinda ni zile fupi. Doti moja basi ina ncha nne za sentimita 110, karibu mita 4 na nusu za mshono mnyoofu bila kona hata moja. Kwa mazoezi ya mkono sijui kitu bora kuliko hicho.

Zipinde kabla hujazifua. Kanga mpya imekaza kwa wanga, inakunjika kama karatasi na mkunjo unakaa ulipouweka. Ukishaifua inalegea, na wewe unahangaika na pasi.

Na usiichane kwa mkono. Kitambaa cheupe cha pamba ukikitia mkasi kidogo halafu ukakivuta, kinachanika kufuata uzi wake, na hakuna mkasi utakaokata sawa kuliko hivyo. Lakini maua ya kanga yamepigwa chapa juu ya kitambaa, na mara nyingine chapa imekaa upande kidogo. Ukichana, utafuata uzi na utamaliza umeingia ndani ya pindo la kanga ya pili. Kanga kata kwa mkasi, ufuate chapa. Shuka na kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisicho na chapa, chana.

Lakini doti tano za kupinda hazitakufundisha kona wala kugeuza, ndiyo maana sikuiweka kanga kwenye shindano.

Foronya

Naizungumzia foronya ya bahasha, isiyo na zipu wala vifungo, yenye ulimi kwa ndani unaouzuia mto usichungulie. Ni mstatili mmoja tu. Mto wangu una sentimita 50 kwa 70, basi hesabu inakuwa hivi: 70 mara mbili ni 140, ongeza 20 za ulimi, ongeza 3 za upindo kila ncha, jumla 166. Upana ni 50 na sentimita 1 na nusu ya mshono kila upande, yaani 53. Pima mto wako wewe, usichukue namba zangu.

Kitambaa usinunue. Kila nyumba ina shuka iliyochakaa, na shuka hufa katikati, pale panapolaliwa. Pembezoni bado ina nguvu zake. Kata foronya kandokando, na ncha moja ipange iangukie kwenye upindo wa shuka wenyewe. Hapo umeshapunguziwa upindo mmoja, na urefu unashuka kuwa 163.

Sasa kunja, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Pinda ncha mbili kwanza. Tandaza kitambaa uso wake ukiwa juu. Upande wa mbele, zile sentimita 70 zilizo mbali na ulimi, ukunje uje ulale juu ya mgongo, yaani zile 70 za katikati, uso kwa uso. Halafu, mwisho kabisa, ule ulimi wa sentimita 20 uukunje uje juu ya vyote. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, au tia pini, shona pande mbili za ubavuni, geuza. Ukichanganya utaratibu, kumbuka hili tu: kinacholala juu kabisa wakati unashona ndicho kitakachojificha ndani ukigeuza. Unapoanza na unapomaliza mshono, rudi nyuma mishono mitatu au minne, maana mdomo wa foronya ndio unaovutwa kila mto unapoingizwa na kutolewa. Kona zisukume kwa kijiti cha mshikaki, upande usiochongwa. Usisukume kwa mkasi. Nimeshaona kona nzuri ikitokezwa tundu na mtu aliyebakisha dakika moja kumaliza.

Katika kipande hicho kimoja umepinda, umekunja uso kwa uso, umeshona kona, umegeuza, na umejifunza kwamba mshono unakula kitambaa. Ukishona upande mmoja umepinda kama njia ya Pemba, nani atauona? Mto unaficha. Hakuna pahala ambapo mkasi ukipita umekwisha. Kosa lolote unalifumua.

Mfuko wa soko

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara, kwa hiyo mfuko wa kitambaa si pambo hapa, ni haja ya kila siku. Na kwa umbo ni dada wa foronya: mstatili unaokunjwa katikati, pande mbili zinashonwa. Kwa mfuko wa sentimita 40 kwa 45, kata kipande cha 43 kwa 98. Hapo umeshahesabu sentimita 4 za upindo kila mdomo.

Tofauti iko kwenye mikono ya kubebea. Unakata vipande viwili vya sentimita 8 kwa 60, unakikunja kila kimoja mara mbili mpaka kiwe na upana wa 2, unashona kingo zote mbili. Sasa hesabu unene. Mkono una matabaka manne. Mdomo wa mfuko uliopindwa una matatu. Ukivikutanisha, sindano inatakiwa itoboe matabaka saba. Kama umetumia kitenge, inapita kwa kugugumia. Kama umetumia suruali ya jinzi ya mtumba, ambayo kwa nguvu ndiyo bora, sindano ya kawaida ya namba 80 itavunjika, na kipande chake kitaruka kuelekea machoni. Tia namba 100, na pale penye unene ondoa mguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Mie kabla ya kushona hupagonga kwanza kwa mchi, kitambaa nimekikunjia karatasi. Wanaonisikia wanadhani natwanga.

Kila mwisho wa mkono wa mfuko shona mraba, na ndani ya mraba vuka kutoka kona hadi kona. Mstari mmoja tu wa mshono hautoshi. Foronya ikifumuka, inafumukia chumbani mwako. Mfuko utafumukia sokoni Darajani, na viazi mbatata vyote vinabingirika miguuni mwa watu.

Kwa hiyo baina ya hivi viwili: kama cherehani yako ni ya chuma, nzito, na una sindano nene, mfuko ni kazi ya pili nzuri sana. Kama ni ile nyepesi ya plastiki ya kuwekwa mezani, shona mfuko wa kitenge na uache jinzi, la sivyo utalalamika cherehani mbovu kumbe umeitwika.

Katikati ya mfuko na dera kuna sketi ya mtoto ya lastiki, na sina mengi ya kuieleza kwa sababu haina mengi. Kipande kimoja, upana mara moja na nusu ya nyonga za mtoto, mshono mmoja wa nyuma, juu unapinda sentimita 3 na kuacha nafasi ya kupenyeza lastiki ya upana wa 2. Lastiki ikate pungufu ya kiuno kwa sentimita 3 au 4, iongoze kwa pini. Ncha ya nyuma ya lastiki ibane kwenye kitambaa kabla hujaanza kuvuta, maana ikiingia ndani utaivuta yote uanze upya. Mtoto atavaa siku hiyo hiyo, nawe utajiona fundi.

Dera

Wifi alikuwa sahihi kwenye jambo moja: hakuna vazi la mtu mzima linalokatwa haraka kama dera. Mita 3 zinatosha mtu wa kimo cha kawaida. Unakunja kitambaa mara mbili, unatoa shingo, unashona ubavuni na kuacha nafasi ya mikono, unapinda chini. Ukihesabu mishono, dera limeizidi foronya kidogo tu. Lakini lina mambo mawili yasiyosamehe.

La kwanza ni kitambaa. Madera mengi ni ya rayoni, ile laini inayoteleza na kupepea. Ndiyo raha yake kwa joto letu, na ndiyo balaa lake mezani. Unakikunja vizuri, unageuka kuchukua mkasi, tabaka la chini limeshahama. Tena rayoni hurudi ikifuliwa. Ukiikata kavu kutoka dukani, ukaishona mpaka vifundoni, ukifua mara moja itakuwa juu ya vifundo. Iloweke, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Na ikate chini sakafuni juu ya mkeka, si juu ya meza ndogo ambayo nusu ya kitambaa inaning'inia na kuvuta nusu nyingine.

La pili ni shingo. Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu akili yote uliyoipata kwenye foronya inakugeuka. Kwenye foronya, ukikunja na kushona, kitu kinapungua. Kwenye tundu, ukikunja na kushona, tundu linaongezeka. Ukikata shingo ya kukutosha sawasawa, halafu ukaikunjia ndani sentimita 1 pande zote, imeshakuwa pana kuliko ulivyotaka, na dera linaanguka begani kila ukiinama. Mkasi ukishapita, huwezi kurudisha kitambaa. Anayekata kwa woga ndiye anayepata shingo nzuri.

Mie huanza na upana wa sentimita 18, kina cha 10 mbele na 2 tu nyuma, halafu mpasuo mdogo mbele wa kupitishia kichwa, maana kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa kama sentimita 55 hadi 58 na shingo ndogo nzuri haikipitishi peke yake. Lakini kabla ya kitambaa, nakata gazeti. Nalikunja, nachora, nakata, navaa. Likichanika wakati linapita kichwani, nimepata jawabu bila hasara. Likikaa mabegani vizuri, ndilo linalokwenda juu ya kitambaa.

Kuimaliza shingo, usijaribu kuikunja tu kama upindo wa kanga. Mviringo haukunjiki hivyo, unafanya mikunyanzi. Kata utepe wa mshazari, yaani uliokatwa kwa pembe kwenda kona, upana wa sentimita 4, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika na kufuata mzunguko. Ushone kwa nje, chanja mshono kwa ncha ya mkasi kila sentimita 1 na nusu bila kuugusa uzi, ugeuzie ndani, upige pasi, ushone tena. Utepe wa kitambaa kile kile unapendeza, lakini kwa mara ya kwanza chukua wa pamba. Hautelezi.

Basi baina ya foronya na dera, mie sioni ushindani kwa mtu anayeanza leo. Ila kama umeshashona foronya nne na mfuko mmoja, usikae ukisubiri ujue zaidi. Nenda kwenye dera. Na kama huvumilii kabisa, unataka dera na dera tu, basi lishone la kitenge au la pamba. Litakuwa gumu kidogo mwilini, la kuvaa nyumbani, lakini litatulia chini ya mkasi.

Na cherehani, ipi?

Foronya na kanga unaweza kuzishona kwa sindano ya mkono, ukawa na tondoo ya kukinga kidole na uzi usiozidi urefu wa mkono wako. Uzi mrefu unajifunga mafundo, na unaokoa muda wa kutia uzi kwa kuupoteza kufungua mafundo. Wanawake wetu wanashona kofia za viua, tundu moja moja, bila mashine yoyote, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa mkono ni wa wasiojiweza. Mfuko wa jinzi lakini usiujaribu.

Cherehani ya kuzungusha kwa mkono inakwenda polepole, na kwa anayeanza hiyo ni neema. Tatizo lake ni kwamba mkono mmoja uko kwenye gurudumu na unabaki na mmoja wa kuongoza kitambaa. Kwa rayoni huo mmoja hautoshi. Ya mguu inakuachia mikono yote miwili, na mwendo unaushika mwenyewe. Ya umeme inashona haraka na ina zigizagi ya kuzuia nyuzi kuchopoka, lakini mguu wa mgeni hauna adabu juu ya pedali: unagusa kidogo, cherehani imeshafika ukingoni na kidole chako karibu.

Na kuna suala letu la hapa. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa karibu miezi mitatu bila umeme kwa hitilafu ya njia inayoleta umeme kutoka Bara chini ya bahari, wanajua cherehani za mguu zilivyopata heshima. Kama umerithi ya mguu, usiiuze ununue ya umeme. Hamu ya zigizagi ikikupanda kichwani, ongeza ya pili.

Upepo wetu una chumvi, na masika yakiingia chuma kinalowa bila kunyeshewa. Tia mafuta ya cherehani, yale mepesi. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuigeuza cherehani kuwa ubao. Sindano iliyokaa kwenye cherehani tangu mama hai, itupe. Huwezi kuona kutu ya ncha kwa macho, lakini kitambaa kitaiona. Sindano mpya ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo ukae upande unaoingilia uzi.

Uzi ukifanya mzongo chini ya kitambaa, wengi wanafungua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Waiache. Mzongo wa chini mara nyingi unatoka juu: uzi wa juu haukupita pahala fulani. Utoe wote, inua mguu wa cherehani, ule mdogo unaobana kitambaa, uanze kuupitisha upya. Na unapoanza mshono, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono mitatu ya mwanzo. Hilo moja lingewaokoa watu kupeleka cherehani nzima kwa fundi.

Chaki pia huna haja nayo. Kigamba cha sabuni ya kuogea kilichobaki, kile chembamba kisichoshikika tena bafuni, kianike kikauke. Kinachora mstari mzuri juu ya kitambaa cha rangi na kinatoka kwa maji.

Wifi alishika foronya kwa kinyongo. Siku ya tatu akanitumia picha: mto umevaa, na ulimi uko nje, unaning'inia kama wa mbuzi aliyechoka. Alikuwa ameanza kuukunja ulimi halafu mbele.

"Naukata?" akauliza.

"Usikate kitu! Fumua pande mbili, ukunje upya."

Sasa ana foronya sita na mfuko wa kitenge ambao mama mkwe wake ameshauchukua. Jana amenitumia picha nyingine. Mita tatu za rayoni ziko kwenye kamba zinakauka, na yeye kasimama mbele ya kioo, gazeti limepita kichwani zima, limekaa mabegani.

"Wifi, limechanika kidogo hapa sikioni. Nikate jingine?"

Nimemwambia akate jingine.